Kitufe Kisicho na Dirisha

Programu ya ankara na stoo niliyokabidhiwa kuipima iliandikwa kwa Delphi, zana ya kutengenezea programu za Windows, miaka mingi kabla sijaajiriwa. Kila usiku majaribio ya kiotomatiki yalitakiwa yafungue ankara, yajaze bidhaa, yabonyeze Hifadhi. Nilitumia Python na maktaba ya pywinauto, inayoendesha programu za Windows badala ya mtu. Nilipoita print_control_identifiers(), amri inayoorodhesha vitu vyote vinavyoonekana kwa maktaba hiyo, kwenye fomu kuu, visanduku vya maandishi vilikuja, jedwali likaja, lakini upau wa vitufe ukaja kama TPanel tupu, yaani paneli isiyo na kitu ndani. Hifadhi haikuwamo, wala jirani zake. Inspect, zana ya Microsoft ya kuchunguza vitu vya skrini, nayo iliishia kwenye paneli hiyohiyo.

Sababu ilikuwa kwenye Delphi yenyewe. Vitufe vile vilikuwa vya aina ya TSpeedButton, inayorithi kutoka TGraphicControl, na kitu cha ukoo huo hakipewi dirisha lake na Windows, yaani kipande cha skrini ambacho mfumo unakitambua peke yake. Hakina namba ya dirisha, hakina jina la klasi la kukitafutia. Huchorwa tu juu ya paneli. TButton na TBitBtn zina madirisha, ndiyo maana vitufe vya skrini ya malipo vilipatikana bila taabu.

Wenzangu walipendekeza kutafuta kitufe kwa picha. Sikuikubali njia hiyo. Kompyuta yangu ilikuza maandishi kwa asilimia 125, mashine ya majaribio ilikuwa kwenye 100. Ikoni ya pikseli 16 ikikuzwa, kingo zake hubadilika, na kitufe kikizimwa hugeuka kijivu. Ukilegeza kiwango cha ufanano unajitafutia balaa kubwa zaidi, kwa sababu Hifadhi ilitofautiana na kitufe cha kuhifadhi na kuchapa kwa alama ndogo ya printa pembeni. Heri jaribio lianguke kuliko kubonyeza kitufe kingine na kutangaza limefaulu.

Kibodi ilikuwa bora. TSpeedButton yenye alama ya & kwenye maandishi yake huitikia Alt na herufi inayofuata alama hiyo, kwa hiyo type_keys('%h'), ambamo % ni Alt, ilihifadhi ankara vizuri mchana kutwa. Usiku ikagoma. Mashine ya majaribio tuliifikia kwa mbali kupitia Remote Desktop, na mtu akikata muunganisho kikao hubaki bila eneokazi hai. Amri za type_keys na click_input hupitia kibodi na kipanya cha mfumo, hivyo hazikuwa na pa kufikia.

Kilichobaki ni paneli, na paneli ina dirisha. Ujumbe wa kipanya ukifika kwenye dirisha la paneli, Delphi huangalia ni kitu gani kilichochorwa mahali pale na kukipasia ujumbe huo. Amri ya click(), tofauti na click_input(), hutuma ujumbe moja kwa moja kwenye dirisha bila kusogeza kipanya halisi. Nilihitaji vipimo tu.

Vipimo sikuvikadiria kwa macho. Watengenezaji walinipa faili la .dfm la fomu, linalotaja mahali na ukubwa wa kila kitu na ambalo ni maandishi ya kawaida, na Hifadhi ilisomeka hivi: Left = 104, Top = 4, Width = 23, Height = 22. Katikati yake ni 115 na 15, kuanzia pembe ya juu kushoto ya paneli. Basi panel.click(coords=(115, 15)), na ankara ikahifadhiwa huku skrini haina mtu. Kwenye kompyuta ya asilimia 125 ilibidi kuzidisha kwa 1.25, yaani 144 na 19. Skripti ilisoma .dfm upya kila toleo, ili kitufe kikihamishwa namba zihame nacho.

Kuitambua paneli sahihi kulinisumbua zaidi, maana zilikuwa kadhaa, zote hazina maandishi. found_index, yaani kuchagua paneli kwa namba yake kwenye orodha, haikufaa: mpangilio wake hufuata dirisha lipi liko juu ya lingine, na hilo hubadilika. Nilichuja kwa mahali na ukubwa wa kila paneli, nikichukua TPanel iliyogusa ukingo wa juu wa fomu na yenye upana wote wa fomu.

Jedwali la bidhaa, TDBGrid, lilikuwa na ugonjwa uleule: lina dirisha moja, seli zote ni michoro. F2 hufungua kisanduku cha TDBGridInplaceEdit ambacho maandishi yake husomeka, ila F2 nayo hutaka kibodi. Kwa hiyo kiasi na bei nilivihakiki kwa kuuliza hifadhidata baada ya Hifadhi. Kwenye toleo lililofuata watengenezaji walibadilisha vitufe vya upau kuwa TBitBtn, nami nikafuta hesabu za vipimo kwenye skripti, nikaacha uhakiki wa jedwali kupitia hifadhidata.