Alhamisi ya hukumu mbili: siku moja maishani mwangu

Saa 11:20 alfajiri

Nilizima kengele ya simu kabla haijalia mara ya pili. Mume wangu alikuwa amelala kwa saa tano tu. Yeye hufanya shifti ya pili kwenye kiwanda cha nyama na hurudi saa sita usiku, nguo zikinuka klorini. Mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya kwanza. Tunapishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo, na watoto wamezoea kuwa na mzazi mmoja mmoja.

Hii ilikuwa Alhamisi, Januari 13, 2022, Omaha, Nebraska. Omikroni, aina mpya ya virusi vya korona, ilikuwa imepamba moto. Nje barafu imeganda kwenye kioo cha gari hadi kadi ya maktaba niliyokuwa nakwangulia ikavunjika. Nikaliacha gari lipashe injini, nikampigia Mama huko Kigoma, ambako ilikuwa inakaribia saa tisa mchana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu kashachanja?"

Siku hizi hata habari za watoto zinasubiri zamu.

"Bado, Mama."

"Mwambie mimi kizee nimechanja na sijaota pembe."

Mama alichanja kwa hiari yake. Kwetu Tanzania mambo yalipinduka ndani ya miezi michache tu. Januari 2021 hayati Magufuli, akiwa Chato, aliwaonya watu wasikimbilie chanjo za kigeni. Akafariki Machi. Julai 28 Mama Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, na Mama akamwona kwenye runinga ya jirani. Mwezi uliofuata akajipeleka mwenyewe kituo cha afya, sindano moja ya Janssen, akarudi kupika. Nikiwaza hapa tunavyopelekana mahakamani, namwonea wivu kidogo.

Saa 12:40 asubuhi

Kituo kilikuwa na wagonjwa wa korona, kwa hiyo kila mfanyakazi alipimwa kabla ya kuingia, aliyechanja na asiyechanja. Kijiti puani, matone, halafu unasubiri dakika 15 ukikodolea macho mstari wa pili usitokee.

Dakika 15 hizo hunirudisha Januari 2021. Wafamasia walikuja na maboksi yao, meza za ukumbi wa chakula zikasogezwa ukutani, viti vikapangwa mbalimbali. Ukishachomwa ulikaa hapo robo saa, wakakuangalia usije ukavimba uso. Nilikuwa na hofu, sitadanganya. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye Novemba na Desemba za 2020, miezi ambayo nilitandika vitanda ambavyo wenyewe hawakurudi, nikakunja sweta za watu na kuzitia kwenye mifuko ya kupewa watoto wao mlangoni. Mtu aliyekunja zile sweta hahitaji kulazimishwa. Sindano ya pili ilinipiga homa ya kutetemeka usiku kucha. Mume wangu alinifunika mablanketi mawili, akakaa pembeni na uso wa "si nilikwambia." Asubuhi nikaenda kazini.

Mstari mmoja. Nikavaa barakoa ya N95, ngao ya uso juu yake, nikaingia.

Saa 3 asubuhi

Mzee wa chumba cha mwisho ana miaka 88, alikuwa mkulima wa mahindi. Kumtoa kitandani ni kazi ya watu wawili na mashine ya kunyanyulia: unampitishia turubai chini ya mgongo, unafunga kamba nne kwenye ndoano, unabonyeza, naye ananing'inia hewani akilalamika kwamba hata ng'ombe wake aliwabeba kwa adabu zaidi. Runinga yake haizimwi. Asubuhi hiyo watangazaji walikuwa wanabishana juu ya Mahakama ya Juu, kama majaji wangetoa wiki hiyo uamuzi kuhusu kanuni mbili za Rais Biden za kuwachanja wafanyakazi, au la.

Yeye alikuwa ameshachanja mara tatu. Alikulia upande wa pili wa mto Missouri, karibu na Sioux City, na kiangazi cha 1952 polio iliupiga mji ule vibaya. Anasema mabwawa ya kuogelea yalifungwa, na binamu yake akawekwa ndani ya lile pipa la chuma la kupumulia, kichwa tu nje. Chanjo ya Salk ilipotangazwa Aprili 1955, kanisa lao lilipiga kengele. Mwezi huohuo kiwanda kimoja kilikosea, kikatoa chanjo zenye virusi hai, watoto wakapooza. Anaikumbuka hiyo pia, haifichi. Wanawe walipozaliwa aliwapeleka wakachanjwe.

Basi nikadhani nimempata mtu wa upande wangu. Nikamwambia majaji wakikubali, wote tutachanja yaishe.

"Hapana," akasema, akiwa bado ananing'inia. "Chanjo ni jambo zuri. Rais kunitajia masharti ya kazi yangu ni jambo lingine."

Nikamshusha kwenye kiti. Kabla ya hapo nilikuwa nawagawa watu mafungu mawili tu kichwani, na mzee huyu hakuingia kwenye fungu lolote.

Saa 5 asubuhi

Msimamizi alipita na fomu. Kanuni ya serikali ya Biden iliyotolewa Novemba 2021 ilisema kila mtumishi wa kituo kinachopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na watu wa kipato kidogo, achanje, au apewe msamaha kwa sababu za kiafya au za kidini. Nebraska na majimbo mengine tisa yalikwenda mahakamani, na Novemba 29 jaji wa St. Louis akaisimamisha kwetu. Kwa hiyo tulikuwa katikati: kanuni ipo na haipo.

Neno "msamaha" lilinisumbua. Ni lile lile unaloliomba ukikosa. Mwenzangu wa zamu, mama wa kizungu kutoka shambani, miaka 19 hapo kazini, alichukua fomu ya kidini akaikunja mara nne na kuitia mfukoni kama risiti. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumchubua ngozi. Desemba 2020, wengine walipopiga simu kusema wanaumwa, yeye alilala kwenye gari lake nje ya kituo ili asikose zamu. Na alikuwa hajachanja hata moja. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa kupata mahali pa kuanzia.

Saa 6:30 mchana

Wali wa jana, nikaula nimeegemea mashine ya soda. Kwenye simu nilikutana na kisa cha mchungaji Henning Jacobson, mhamiaji kutoka Sweden. Mwaka 1902 ndui ilipoingia Cambridge, Massachusetts, mji ukaamuru watu wazima wachanje, asiyetaka atoe faini ya dola 5. Jacobson akagoma, akasema alichanjwa utotoni akaumwa vibaya. Akafika hadi Mahakama ya Juu, na 1905 akashindwa, majaji saba kwa wawili. Mhamiaji, mtu wa dini, ana kumbukumbu ya sindano iliyomtesa: nikahisi nimewahi kukaa naye meza moja ya chakula.

Saa 8 mchana

Nilikuwa nabadilisha shuka chumba cha mwisho runinga ilipobadilisha sauti. Uamuzi umetoka. Umetoka kwa mafungu mawili.

Ile kanuni ya kampuni zenye wafanyakazi 100 au zaidi, kwamba wachanje au wapimwe kila wiki na kuvaa barakoa, ilizuiwa, sita kwa watatu. Ilikuwa inagusa watu kama milioni 84. Majaji walisema idara ya usalama kazini imepewa kulinda watu na hatari za kazini, na virusi hivi vinakupata kazini, mpirani, hata nyumbani kwako. Ile ya watumishi wa afya, watu kama milioni 10, iliruhusiwa, watano kwa wanne: hapo serikali inaweka masharti ya fedha zake yenyewe, na daktari au muuguzi hatakiwi kumletea mgonjwa ugonjwa. Majaji wawili tu, Roberts na Kavanaugh, walikuwa upande wa ushindi mara zote mbili.

Mzee alipiga kofi kwenye mkono wa kiti, halafu akasikia nusu ya pili, akanitazama.

"Wewe wamekushika," akasema.

"Mimi nilishachanja."

"Najua. Ila wamekushika."

Nilicheka ndani ya barakoa. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya mume wangu, amerekodi akiwa kwenye maegesho ya kiwanda: "Mama watoto, mimi nimeachiwa huru! Wewe pole sana." Nyuma yake watu wanashangilia kwa Kiswahili, Kihispania na Kisomali.

Nyumba moja, kitanda kimoja, hukumu mbili.

Saa 9:20 alasiri

Tulitoka pamoja na mwenzangu. Alikwangua kioo chake, kisha bila kuulizwa akaja kukwangua changu, maana aliona ile kadi ya maktaba iliyovunjika.

"Utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nitaijaza fomu. Wakikataa, nitaenda kukamua ng'ombe."

Nilimwambia wazee watamlilia. Akasema wazee walishamlilia 2020 na hakuna mtu aliyeuliza kama amechanja. Hilo ni kweli, ila wakati huo chanjo ilikuwa haijafika, na nilimwambia hivyo. Akanyamaza, akaendelea kukwangua. Sidhani nilimbadilisha. (Baadaye tuliambiwa mwisho ni Februari 14, uwe na sindano ya kwanza, au angalau uwe umeomba msamaha. Alipewa msamaha wake na tunafanya naye kazi hadi leo.)

Saa 11 jioni

Watoto, kazi za shule, ugali, ugomvi wa chaja. Yote haya mnayajua.

Saa 6:15 usiku

Kwa kawaida huwa nimelala. Siku hiyo nilimsubiri jikoni. Alivua buti mlangoni, akaziweka juu ya gazeti. Nilitarajia aingie akicheza, kwa zile kelele za mchana. Akakaa kimya, akavuta sahani.

"Umeshinda," nikamwambia.

"Nimeshinda nini? Kesho naingia mstari uleule, nimebanana na watu walewale."

Mume wangu alikuwa na klipu za Askofu Gwajima, mhubiri wa Tanzania aliyeipinga chanjo ya korona, kwenye simu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ugonjwa wake ni zile klipu. Usiku huo ndipo aliponieleza vizuri. Aprili 28, 2020, Rais Trump alisaini amri ya kuvifanya viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi, nchi isikose kitoweo. Wakati ule watu mstarini walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Yeye aliugua Mei, siku tisa kitandani, nami nikimwachia uji mlangoni.

"2020 serikali iliamuru tufanye kazi. 2021 ikaja nyingine ikaamuru tuchanje. Vyama viwili tofauti, sivyo? Mimi nasubiri mwaka watakaotuuliza."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kuwa virusi havijali nani katoa amri, na ni kweli, lakini hilo halikuwa swali lake. Halafu huyu huyu mtu hakuwahi kugombana na sindano. Kadi yake ya njano ya homa ya manjano bado iko ndani ya pasi ya kusafiria. Tulipoomba viza tulichomwa surua, pepopunda na nyingine nilizozisahau, akakunja shati bila neno. Na tangu Oktoba 2021 korona nayo ilikuwa imeingia kwenye orodha hiyo ya wahamiaji. Nilimkumbusha kwamba mdogo wake aliyeshinda bahati nasibu ya green card atachanja atake asitake. Akacheka puani.

"Yule anataka kitu. Anayetaka kitu halazimishwi, analipa."

Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya kliniki ya watoto. Binti yetu mdogo ana miaka sita, na wenye miaka 5 hadi 11 walikuwa wameruhusiwa tangu Novemba. Nilikuwa nimeiweka pale makusudi, ikiwa wazi, tangu Jumapili. Saini ya mzazi mmoja inatosha, lakini sikutaka kuiba.

Aliisoma yote, mbele na nyuma, anavyosoma mikataba.

"Jumamosi nina ovataimu," akasema. "Mpeleke wewe."

Nikachukua kalamu kabla hajabadilisha mawazo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mzio. Nikafika kwenye swali kama mtoto amewahi kusumbuliwa na chanjo, nikaweka alama ya hapana.

"Futa hapo," akasema, akiinua macho kutoka kwenye sahani. "Ile ya surua, Kigoma, ilimpa homa siku mbili. Wewe ulikuwa umelala, mimi ndiye nilikesha naye. Andika."

Nikaandika.