Mzee naye asomewe mashtaka

Busia, Uganda, Jumapili usiku

Leo wazee wa mtaa wamekaa tena juu ya kifo cha mama muuza mukene (dagaa), na safari hii wamekubaliana. Familia ya mzee aliyemgonga italeta ng'ombe, italipa karo ya watoto mpaka mwisho wa mwaka, na upande wa marehemu utakwenda polisi kusema hauna shida tena. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, ameshaandika barua. Watu wamepeana mikono, soda zimenywewa. Mimi nimerudi nyumbani na hasira ambayo haijapoa hata sasa.

Mama huyu alikuwa akitembea pembeni mwa barabara asubuhi, beseni kichwani, kama wanavyotembea akina mama wote wanaowahi soko. Pikapu ya mzee ikaacha lami ikamfuata huko huko pembeni. Mzee ana zaidi ya miaka 80, mstaafu anayeheshimiwa, na wengi hapa wamesomeshwa kwa mkono wake. Hakuwa amelewa. Hakuwa anakimbizana na mtu. Alisema breki zilikataa. Mkaguzi wa magari wa polisi akalipima gari, akakuta breki ni nzima. Vijana wa boda waliokuwa stejini wanasema walisikia injini ikinguruma kwa nguvu mpaka gari liliposimama. Gari lenyewe ni otomatiki. Dereva akikosea akakanyaga mafuta akidhani ni breki, kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kukanyaga.

Katika kikao cha leo binti wa marehemu aliuliza swali moja tu: mzee mwenyewe yuko wapi? Akajibiwa kwamba hajisikii vizuri, mwanawe wa kwanza atamsemea. Mwanawe amesema vizuri sana, kwa adabu, na machozi yake sikuyatilia shaka. Lakini si yeye aliyekuwa kwenye usukani.

Tangu msiba huu uanze nimekuwa nikiifikiria kesi ya Tokyo. Tarehe 19 Aprili 2019, mtaa wa Ikebukuro, mzee wa miaka 87 aliyewahi kuwa afisa mkubwa serikalini alipita na gari kwenye kivuko cha watembea kwa miguu kwa mwendo wa karibu kilomita 96 kwa saa. Akamuua mama wa miaka 31 na binti yake wa miaka 3 waliokuwa kwenye baiskeli, akajeruhi wengine 9. Hakukamatwa palepale kwa kuwa alilazwa hospitali, na Wajapani wengi wakanung'unika kwamba mkubwa analindwa. Mahakamani alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Kumbukumbu za gari zilionyesha mguu ulikuwa kwenye mafuta, breki haikuguswa. Septemba 2021, akiwa na miaka 90, alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Hakukata rufaa. Akaingia gerezani, na akafia humo Oktoba 2024.

Wapo wanaoona kumfunga mtu wa miaka 90 ni ukatili. Mimi naona kilichowaumiza wafiwa kuliko chochote ni ile miezi ya kusikia kwamba hakuna aliyekosea, ni gari tu. Mume wa yule mama hakuacha kupigania usalama barabarani, na mwaka 2024 alikwenda hadi gerezani kuonana na mzee yule uso kwa uso. Alikwenda kutafuta kitu ambacho bima haiwezi kulipa.

Kule California, Santa Monica, mwaka 2003, mzee wa miaka 86 aliingia na gari katikati ya soko la wakulima na kuua watu 10. Baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, lilimtia hatiani kwa vifo vyote 10. Jaji hakumfunga, kwa sababu ya afya yake. Alimpa miaka 5 ya kuwa chini ya uangalizi. Hukumu hiyo iliwaudhi wengi, lakini mimi naweza kuishi nayo. Kila kifo kilihesabiwa, kosa likapewa mwenyewe, halafu ndipo uzee ukazungumza.

Hapo ndipo ninaposimama. Umri upunguze adhabu, usizuie kesi.

Wala sheria zetu hazimsahau mzee. Sheria ya mashauri ya Mahakama Kuu inataja umri mkubwa miongoni mwa sababu maalumu za kumpa mshtakiwa dhamana. Katiba ya 1995, ibara ya 126, inaziagiza mahakama kuhimiza upatanisho, na ibara hiyohiyo inataka aliyekosewa alipwe fidia ya kutosha. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mahakama haijui kusameheana kama wazee wanavyojua hajaisoma Katiba hiyo. Sheria ya Trafiki ya 1998 inamhesabia kosa anayeua kwa uendeshaji wa hatari, na haikusema isipokuwa awe mzee. Kesi ya jinai ni ya serikali. Familia ikisema imesamehe, faili halifi kwa sababu hiyo; linakufa kwa kuwa mashahidi hawaji, na afande aliyechoka ana mafaili mengine mezani.

Na fidia? Sheria ya bima ya mtu wa tatu ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Kwa bei za leo, hata msiba wenyewe hazitoshi kuuhudumia. Ndiyo maana sithubutu kuwalaumu wafiwa wanaokubali ng'ombe. Watoto wanataka kula kesho, na mahakama inaweza kuchukua miaka.

Jambo ninaloona gumu zaidi ni la familia ya mzee. Mtaa mzima ulijua macho yake yana mtoto wa jicho. Alikuwa akiuliza ni nani anayemsalimia hata mtu akiwa karibu. Alishagonga lango lake mwenyewe. Wanawe walioko Kampala walikuwa wakimtumia pesa za mafuta, kwa mapenzi kabisa, kwa sababu hapa kwetu kumnyang'anya mzazi ufunguo ni kama kumvua nguo. Nalielewa jambo hilo, nimelelewa humo humo. Lakini wangeweza kumtafutia kijana wa kumwendesha, kijijini vijana wasio na kazi wamejaa. Japani, mwaka ule wa ajali ya Ikebukuro, zaidi ya watu 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari. Wengi walikuwa wazee, na hawakuvunjiwa heshima.

Najua wanaoua wengi barabarani Uganda si wazee. Ni mwendo wa kasi, ni kupita lori kwenye kona, ni boda iliyobeba watu wanne usiku bila taa. Nchi yetu ni ya vijana. Ndiyo maana hatujajizoeza kumuuliza mzee, na siku akiua tunakimbilia kumfunika.

Mtoto wa mzee alinifuata baada ya kikao akaniuliza kama nataka baba yake afie jela. Nilimwambia sitaki. Nataka asimame mbele ya hakimu aseme ni mimi, hata kama atasema akiwa amekaa kwenye kiti, kisha hakimu amhurumie kadiri anavyoona. Ng'ombe wapelekwe vilevile. Pamiti, yaani leseni yake, irudishwe, na pikapu iuzwe.

Hakunijibu.

Barua ya LC nimeisoma mara ya pili jioni hii kwa binti wa marehemu. Ina mstari unaosema kwamba marehemu "aliingia barabarani ghafla". Vijana wa stejini wote wanajua alikuwa pembeni, kwenye vumbi, na damu ilikutwa kule. Binti ametakiwa kutia sahihi kesho asubuhi. Nimemwambia asitie mpaka mstari huo ufutwe, na kwamba nitakwenda naye kituoni kuandikisha maelezo yake, pamoja na yeyote wa stejini atakayekubali kuja.