Tunavyompa mtu ufunguo

Mwisho wa wiki hii kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinavunjwa, yaani tunagawana akiba ya mzunguko huu, kisha tutachagua viongozi wa mzunguko mpya. Mshika ufunguo mmoja amehamia Morogoro, na tangu juzi simu haitulii. Hakuna anayeuliza nani anajua hesabu. Kinachoulizwa ni nani apewe ufunguo.

Kwa asiyejua, sanduku letu la chuma lina kufuli tatu. Linalala kwa mweka hazina, lakini funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti wasio viongozi. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, vikasambaa nchi nyingi za Afrika. Kufuli ni tatu ili asiwepo mtu anayeweza kufungua peke yake. Ila kwetu ufunguo umegeuka cheo. Anayeushika husogezewa kiti msibani, huitwa kwenye vikao vya posa, na akianza kusema watu hunyamaza. Mwenye hisa nyingi hapati heshima hiyo.

Tukiulizwa tunamchaguaje, tunajibu kwamba tunaangalia tabia. Nimelifikiria jibu hilo siku hizi na naona halijakamilika. Tunaangalia tabia, halafu tunaamua kama mtu ameitoa moyoni au anatuigizia, na hapo ndipo tunapokosea sana.

Mwaka jana tulipata msiba. Dada mmoja mwenye saluni alichanga laki moja, akaweka picha ya muamala kwenye kundi la WhatsApp. Mama mmoja muuza samaki alichanga elfu kumi, akalala matangani na kuosha masufuria mpaka watu walipotawanyika. Sifa zote zilimwendea yule mama, na alistahili, maana usingizi wake na biashara yake vilikwenda humo. Lakini yule dada hakuambulia hata ahsante. Aliambulia minong'ono kwamba anajionyesha.

Mimi ndiye katibu, kitabu kiko kwangu. Huyo dada hajachelewesha rejesho hata moja. Mwenzake alipopigwa faini na hana kitu, alimlipia, na hilo hakulitangaza popote. Kosa lake ni kucheka kwa sauti, kusuka nywele za bei na kupenda picha. Angekuwa anavaa kanga iliyopauka na kuongea taratibu, tungeshamwita mcha Mungu. Linaniuma, kwa sababu mtaa wa pili walimwachia laini ya simu inayotunza pesa za kikundi mtu mpole wa namna hiyohiyo, mwenye kufungua kila kikao kwa dua, na pesa hazikuonekana tena.

Wala kujulikana kwa jambo jema hakulifanyi liwe la uongo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), likiwemo la kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, lakini papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Kuwafukuza vijana wale kunaweza kubishaniwa mpaka kesho. Lakini wazee wangu wakieleza kwa nini walimsikiliza Mwalimu hata alipowadai magumu, wanautaja mshahara ule. Aliukata mchana kweupe, mbele ya wote, na kutangazwa hakukuupunguzia uzito, kwa kuwa kilichomtoka kilijulikana.

Ndiyo maana sitaki tena kumpima mtu kwa upole wa sauti yake. Nataka kujua kimemgharimu nini, na amefanya hivyo kwa muda gani.

Siku ya uchaguzi nitalitaja jina la dada wa saluni. Mama muuza samaki, ambaye tayari anashika ufunguo mmojawapo, ataendelea nao, hilo halina ubishi. Kabla ya kura nitaomba kitabu kisomwe kwa sauti, marejesho na faini za kila mmoja wetu, mzunguko mzima, na zangu zikiwemo. Watakaoguna nitawaomba waonyeshe ukurasa.