Siku moja maishani mwangu: nesi wa dharura, ritena mdomoni, ndugu mlangoni

Saa 11:05 alfajiri, Tabata

Kabla sijawasha taa, ulimi umeshanijulisha kama nililala na ritena, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikokuwa baada ya kutoa waya za kuyanyoosha, au nilipitiwa. Leo ipo. Naitoa, naisugua kwa mswaki laini chini ya bomba, naiweka kwenye kikopo chake. Maji ya baridi tu. Hilo nililijua kwa gharama. Mimi ni nesi wa dharura, na nesi akikabidhiwa kitu cha kuingia mdomoni mwa mtu, mkono wake unatafuta sufuria. Ritena yangu ya kwanza, ile ya plastiki angavu, niliichemsha kama mkasi. Ikajikunja kama ganda la ndizi juani. Mke wangu ni daktari wa meno. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanitajia bei ya nyingine, na hapo mimi ndiye niliyekaa chini.

Waya nilifunga ukubwani, nina miaka 33, na zamu nzima ilinitania kwamba natafuta mke wa pili. Zilipotolewa nikadhani kazi imekwisha. Kumbe jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikiliwa na nyuzi ndogondogo. Ukilisogeza, mfupa unajijenga upya upande wa pili, lakini nyuzi za ufizi ni wazito wa kusahau. Zinaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, zikiendelea kulivuta jino lirudi lilikotoka. Ritena kazi yake ni kulizuia wakati huo wa mvutano, na baada ya hapo pia, maana meno hayaachi kutembea kadiri mtu anavyozeeka.

Mke wangu anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni huo: kwa nini watu wanaacha kuvaa ritena. Mimi nasoma pia, wangu ni wa ndugu wa wagonjwa wanaoletwa kwa dharura. Nyumba moja, meza moja ya chakula, tafiti mbili. Mtoto wetu anakula ugali katikati ya madodoso.

Saa 12:10

Daladala, Buguruni, foleni. Konda ananidai chenji yangu mwenyewe. Tuendelee.

Saa 1:30 asubuhi

Tunapokea zamu. Tunapita kitanda kwa kitanda, wenzetu wa usiku wanatoa ripoti kwa sauti za watu waliokwisha kuchoka. Presha, oksijeni, dripu ya ngapi, vipimo vinavyosubiriwa. Kitanda cha nne: "Mgonjwa anaendelea vizuri, ila ndugu zake wasumbufu."

Neno "wasumbufu" siku hizi linanikera kama mchanga kwenye wali. Nikienda kitanda cha nne namkuta mzee amelala salama na binti yake amesimama pembeni, macho mekundu. Namuuliza ameambiwa nini kuhusu baba yake. Ananijibu: "Nimeambiwa nisubiri." Tangu saa 5 usiku. Namweleza kwa dakika tatu hivi: sukari ilikuwa imepanda sana, dawa inaishusha taratibu makusudi, tunampima kila saa, na ile mashine inayolia ni waya umelegea kidoleni, si moyo. Anakaa. Usumbufu wote ukaishia hapo.

Sijidai. Juzi tu mimi mwenyewe nilimwambia mama mmoja asubiri, nikamsahau saa mbili nzima.

Fani yetu bado changa hapa nchini. Idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Kabla ya hapo tulikuwa na "kasualti": mgonjwa anashushwa, anapangiwa wodi, ndugu anafungiwa mlango. Kile wanachokiita huduma inayoizingatia familia, yaani kumheshimu ndugu, kumpa taarifa, kumshirikisha kwa kiasi anachotaka na kumsikiliza, kinatukuta tukiwa bado tunapigania vitanda.

Saa 3:20

Bodaboda. Kijana, mguu wa kulia umevunjika na mfupa unaonekana. Amewekwa eneo jekundu, la walio hatarini zaidi. Nyuma yake wameingia wanaume sita wenye reflekta, wote wanaongea.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Sita wakanyoosha mikono.

Mlinzi anataka kuwatoa wote. Namwomba abaki mmoja, wakamsukuma mbele mwenyekiti wa kijiwe, jamaa wa makamo mwenye kofia ya Yanga. Mama wa kijana yuko Singida, simu yake haipatikani. Dokta anaandika dawa za kuzuia maambukizi kwenye kidonda, na mimi nauliza swali letu la kila siku: kuna dawa inayomdhuru? Kijana anatikisa kichwa, maumivu yamemchanganya. Mwenyekiti anaingilia: "Dokta, samahani" (wanaume wote wenye nguo za hospitali ni dokta), "huyu mwaka jana alichomwa penisilini akavimba uso mzima. Mimi ndiye niliyempeleka dispensari."

Dokta akafuta, akaandika dawa nyingine.

Dodoso langu, sehemu ya kwanza, swali la nne: uhusiano wako na mgonjwa. Mwenza, mzazi, mtoto, ndugu wa damu, mwingine (taja). Hiyo "mwingine" niliiweka mwishoni kama kiti cha akiba. Mama wa Singida, kama tungempata, asingejua habari ya penisilini. Kijiwe kiliijua, na wakati naandika haya kilikuwa kimeshachangishana kwa simu pesa ya picha ya mguu.

Saa 5 na kitu

Mtoto wa miaka miwili, mafuta ya taa. Yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama kawaida. Ameletwa na mama na bibi, na hawaangaliani.

"Shikamoo bibi. Mtoto alitapika njiani?"

Kimya. Mama anatazama sakafu. Ninavyouliza ndivyo nitakavyojibiwa. Nikiwa na sauti ya hakimu nitapewa uongo. Nikasema watu wengi huwapa watoto maziwa ili watapike, na mimi nataka tu kujua ili nimsaidie. Bibi akakiri: maziwa, na kidole kooni. Ametapika mara mbili.

Mafuta ya taa hatari yake kubwa ni yakiingia kwenye mapafu. Kumtapisha mtoto ni kuyapa nafasi ya pili ya kwenda huko. Kwa hiyo hatapishwi, tumbo halioshwi. Tunamwangalia anavyopumua kwa saa kadhaa, na akihitaji oksijeni anapewa. Huyu alihitaji, lakini kila barakoa ilipokaribia alipiga kelele hadi akakohoa. Nikamkalisha mapajani kwa mama yake, nikampa mama aishike mwenyewe karibu na pua. Dakika tano, mtoto ametulia, namba za oksijeni zikapanda. Zamani tungemtoa mama nje ili "tufanye kazi".

Bibi alinivuta kando. "Chupa niliiweka mimi, mwanangu. Usimwambie mkwe." Nikamwambia siandiki nani aliweka chupa.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, nimesimama. Hapa ndipo nilipopoteza ritena ya pili, wakati ule wa kuivaa mchana na usiku. Niliifunga kwenye tishu nile, nikala, nikatupa tishu. Mke wangu anasema kisa hicho anakisikia kliniki mara kwa mara.

Saa 8:15

Mama wa miaka kama 60 anashushwa kwenye teksi, hapumui. Mwanawe wa kiume amembeba miguuni, dereva mabegani. Tunaanza kubonyeza kifua pale pale machela ikikimbia.

Chumba cha mahututi kikianza kazi kina mdundo wake. Mmoja anabonyeza, mara 100 hadi 120 kwa dakika, baada ya dakika mbili anapokewa. Mmoja yuko kichwani na mfuko wa hewa. Mmoja dawa, adrenalini kila baada ya dakika tatu hadi tano. Mmoja anaandika muda. Mlangoni, kwenye kioo, uso wa yule kijana.

Mwaka 1982, hospitali moja ya mji wa Jackson, jimbo la Michigan huko Marekani, ilianza kuwaruhusu ndugu waingie wakati wa kufufua, baada ya ndugu wenyewe kuomba. Mwaka 1998 ilichapishwa habari ya jaribio dogo la Cambridge, Uingereza, lililokatishwa kwa sababu wahudumu wenyewe walishaamini kwamba kuwepo kunawafaa ndugu, hawakuona haki kuendelea kuwazuia wengine. Na utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka 2013, wenye ndugu 570, ulionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kuwepo walikuwa na dalili chache za kiwewe miezi mitatu baadaye, na kazi ya wahudumu haikuvurugika. Hayo ninayo kwenye sura ya pili ya utafiti wangu, yamepangwa vizuri. Lakini pale kwenye vitabu yupo muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kusimama na ndugu tu. Hapa tulikuwa wanne.

Nikamtazama dokta. Akasema, "Ukisimama naye wewe, sawa." Mwanafunzi wa uuguzi akachukua saa na karatasi yangu, nikaenda mlangoni.

"Kaka, mama yako moyo umesimama. Tunaubonyeza kwa mikono ili damu ifike kichwani. Utaona tunabonyeza kwa nguvu, inatisha. Unaweza kuingia nami, na ukitaka kutoka unatoka. Unataka?"

Akaingia. Nikamshika kiwiko, nikawa namtajia kila kinachofanyika. Hakulia. Baada ya kama dakika kumi akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumtamkisha shahada.

Nafasi ilikuwa upande wa kushoto wa kichwa, kati ya mtungi wa oksijeni na ukuta. Mwenye mfuko wa hewa akajibana. Kijana akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni mwa mama yake. Tuliendelea kubonyeza. Anayehesabu alipunguza sauti bila kuambiwa na mtu.

Saa 8:51 dokta akasimamisha. Nikamwambia, "Mama amefariki, kaka." Nimefundishwa kulitamka neno lenyewe, maana ukisema "tumejitahidi" mtu anabaki anasubiri. Akasema, "Inna lillahi," akamfunika mwenyewe.

Dakika mbili baadaye dada yake akaingia akipiga kelele. Alikuwa amefika mapema, akazuiwa getini, hakuna aliyemwambia mlinzi kwamba chumba kile leo kimefunguliwa. Yaani mimi. Nilimfungulia mmoja nikamsahau wa pili, na hakuna utafiti nitakaomsomea dada yule.

Saa 10 jioni

Mazishi ni kesho, wamesema. Tulihangaikia kibali chao mpaka nikachelewa kutoka. Dodoso sikumpa yeyote leo. Sheria yangu, na ya kamati ya maadili iliyonipitisha, ni kwamba mtu hahojiwi siku ya msiba wala hahojiwi na nesi aliyemhudumia.

Ukutani kwetu kuna bango la mafunzo ya mwaka jana kuhusu ndugu wa wagonjwa. Tulipotoka mafunzoni tuliyafuata kama miezi mitatu hivi. Kila mgonjwa wa eneo jekundu alikuwa na mtu wa kuzungumza na familia. Kisha wawili wakahamishwa, wageni wakaja, tukarudi kwenye "ndugu tokeni nje". Nilipomlalamikia mke wangu, alikuwa anamenya kitunguu, hata hakuinua kichwa: "Mlitoa waya, hamkuvaa ritena."

Saa 2 usiku

Mezani. Anachambua mahojiano yake. Ananisomea kwamba mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, hayakupata ushahidi wa kutosha kusema ritena gani ni bora, ya kuvua na kuvaa au ya kubandikwa nyuma ya meno. Ya kubandikwa haitegemei kumbukumbu ya mtu, lakini inakusanya ugaga na waya unaweza kubanduka usijue. Ya kuvaa inamtegemea mwenyewe. "Yaani wewe," ananiambia.

Mimi nabadilisha swali la nne. Nafuta "ndugu wa damu", naandika: nani yuko naye hapa, na anajua nini kumhusu?

Saa 4:30 usiku

Naivaa. Imebana. Ikibana ujue meno yametembea.

"Umeacha thiku ngapi?" ananiuliza gizani, akiniiga ninavyoongea nayo.

"Juthi tu. Uthiku mmoja."

"Mitatu," anasema, anageukia ukutani.