Chuma cha kulehemu na betri mbili za pikipiki

Chuma changu cha kulehemu nilikinunua Birere, sokoni hapa Goma, kwa bei ya chini, kile cha ncha za T12 (aina ya ncha yenye kipasha joto ndani yake) chenye kidhibiti joto cha kioo kidogo. Chanzo cha umeme, ujitafutie mwenyewe! Nikajaribu chaja ya kompyuta ya volti 19: kikafanya kazi, ila kwa uvivu. Hesabu yake si ngumu. Ncha ina ukinzani wa omu 8 hivi. Kwa volti 24 inatoa wati 72, kwa 19 inashuka hadi 45, na kwa betri moja ya 12 unabaki na wati 18 tu. Ukigusa waya mnene, risasi ya kulehemu inaganda hapo hapo.

Hapa Goma umeme huja unapotaka wenyewe, basi nikaunganisha betri mbili za pikipiki kwa mfululizo, volti zake zijumlike. Shida ni kwamba zikijaa hupita volti 25, na kapasita (kile kikopo kidogo kinachohifadhi chaji) ya kwenye saketi ya kidhibiti imeandikwa kikomo cha volti 25. Nikaing'oa, nikaweka ya 35 niliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Nikaongeza na fyuzi ya ampea 5, maana betri ikipata shoti haina huruma.

Sasa nalehemu kwa nyuzi 320. Risasi ya kulehemu ya 63 kwa 37 (bati asilimia 63, risasi 37) huyeyuka kwenye 183, lakini joto jingi hunywewa na shaba.

Mdogo wangu analalamika: "Yaya, moshi wako unaingia kwenye sombe!" Ndiyo mboga yetu ya majani ya muhogo. Nimehamia barazani.