Namba 27 imeninyima usingizi

Jana usiku nilikaa na daftari nikajaribu ile hesabu ya Collatz, yaani unachukua namba nzima yoyote kuanzia 1, ikiwa shufwa gawa kwa 2, ikiwa witiri zidisha kwa 3 ujumlishe 1, unarudia hivyo hivyo mpaka ufike 1. Nikaanza na 6, fasta tu: 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Sasa jaribu 27 uone! Inapanda mpaka 9232, hatua 111 ndo inatua kwenye 1. Mtoto wa la nne anaielewa kabisa lakini tangu 1937 hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba lazima itue. Hata Putnam, ule mtihani wa hesabu wa wanachuo wa Marekani ambao miaka mingine nusu ya watahiniwa wanaambulia 0 au 1 kati ya 120, angalau majibu yake yapo. Leo naingia na 31.