Baridi ya Bloemfontein

Basi kutoka Johannesburg lilinishusha Bloemfontein, Afrika Kusini, saa tisa usiku, mwezi wa saba, nami nimevaa koti langu jepesi la Dar es Salaam. Huko umande huganda ukawa barafu juu ya majani. Nilikaa stendi hadi kukapambazuka, meno yakigongana, kisha dereva wa teksi akanitoza randi 200 kwa mwendo wa dakika kumi. Nililipa. Nguvu za kubishana sikuwa nazo.

Nilikwenda kuona mnara wa wanawake na watoto wa Makaburu waliofia katika kambi za Waingereza, vita vya 1899 hadi 1902. Walikufa zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, kwa surua, homa ya matumbo na kuhara. Waliishi kwenye mahema. Baada ya usiku ule wa stendi, neno hema lilinichoma.

Halafu nikakutana na picha ya Lizzie van Zyl, mtoto wa miaka saba, kitandani. Mbavu unazihesabu moja moja. Mapaja yamekwisha, yamebaki mifupa na ngozi, na karibu yake kuna mwanasesere. Emily Hobhouse, Mwingereza aliyezifikia kambi hizo mwaka 1901, alieleza kwamba baba wa mtoto alikuwa hajasalimu amri, kwa hiyo familia ikapewa posho ya chini kabisa. Lizzie alikufa Mei mwaka huohuo. Picha hiyohiyo watetezi wa kambi wakaitumia kudai kwamba mama yake ndiye aliyemnyima chakula! Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi.

Waafrika nao walikuwa na kambi zao, na humo walikufa si chini ya 14,000. Katika picha zao nilizoziona siku ile, hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina.

Nikaikumbuka Kariakoo, ninakonunua viatu vya wanangu. Jina lile ni la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, kama ndimi zetu zilivyolitamka. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa. Baba yake bibi alichukuliwa akiwa shambani, hakurudi. Picha yake hatuna. Bibi alituonyesha kama mama yake alivyomwonyesha yeye: anasimama mlangoni, anainua kiganja hadi kwenye kizingiti cha juu, anasema, "Alifika hapa."